Lugha ya Amri na Sharti katika Utungaji wa Michezo ya Kivinjari: Mfano wa Mwanagenzi wa Shika Adabu

1. UTANGULIZI

Shika Adabu ni mtaa ulioko Likoni, upande wa bara kusini mwa kisiwa cha Mombasa, ng'ambo ya kivuko, katika njia iendayo Ukunda na Lunga Lunga. Jina hilo ni pia jina la wadi, mojawapo ya wadi tano za eneo bunge la Likoni. Kwa mwanaisimu jina lenyewe ni sentensi kamili: kitenzi katika hali ya kuamuru, shika, kikifuatwa na yambwa yake, adabu. Mtenda hatajwi, kwa kuwa anayeamrishwa anajulikana. Ni yule anayesikia. Huo ndio pia muundo wa msingi wa sentensi katika lugha za kuandikia programu za kompyuta: amri hutangulia, kisha hufuata kitu kinachohusika na amri hiyo, na anayeamrishwa, yaani mashine, hatajwi.

Makala haya yanachunguza lugha ambayo mwanagenzi huhitaji anapojifunza kutunga michezo myepesi ya kivinjari, yaani michezo ya kompyuta inayochezwa ndani ya programu ile ile ambayo watu huitumia kusoma kurasa za mtandao. Kwa kawaida hudhaniwa kwamba kizingiti cha kijana wa Kiswahili katika elimu hii ni Kiingereza. Makala yanadai kwamba dhana hiyo ina ukweli mdogo. Kizingiti kikubwa zaidi ni kwamba mwanagenzi hana mtu wa kumfafanulia kosa lake kwa lugha anayofikiria nayo, na kwamba maneno ya ufafanuzi huo, ambayo Kiswahili kinayo tangu zamani, hayajakusanywa wala kutumiwa darasani. Mwanagenzi anayetajwa humu ni wa mfano: ni kijana yeyote wa Shika Adabu anayesema Kimvita au Kidigo nyumbani, aliyesoma Kiswahili sanifu na Kiingereza shuleni, na ambaye sasa anataka kutunga mchezo wake wa kwanza.

2. MCHEZO WA KIVINJARI

Neno kivinjari limetokana na kitenzi vinjari, ambacho maana yake ya asili ni kuzunguka huku na huku kwa kuangalia, kama wafanyavyo walinzi wa doria au chombo kinachozunguka baharini. Ni neno la watu wa pwani lililopewa kazi mpya, nalo limekubalika bila matata.

Mchezo wa kivinjari huandikwa kwa aina tatu za maandishi. HTML hueleza vitu vilivyomo katika ukurasa. CSS hueleza sura ya vitu hivyo, kama vile rangi na ukubwa. JavaScript hueleza matendo, yaani kitu gani kifanyike na wakati gani. JavaScript ilibuniwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995, na toleo la kwanza liliandikwa kwa muda wa siku kumi. Kwa miaka mingi michezo ya namna hii ilitegemea programu ya Flash, ambayo iliachwa rasmi mwishoni mwa mwaka 2020. Tangu hapo vivinjari vyenyewe vimetosha.

Kwa mwanagenzi wa Likoni jambo hili si dogo. Hahitaji kununua programu yoyote. Akiwa na kompyuta kuukuu yenye kiandikio cha kawaida na kivinjari, aweza kuandika faili, kulihifadhi, na kulifungua hapo hapo hata mahali pasipo na mtandao. Mtandao nao umekaribia: nyaya za SEACOM na TEAMS zilizopita chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Mwaka 2022 taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na za sekondari. Kwa hiyo swali la lugha ya kufundishia elimu hii limekwisha kufika darasani, iwe wanaisimu wako tayari au hawako tayari.

3. KIINGEREZA SI KIZINGITI KIKUU

Ni kweli kwamba maneno maalumu ya JavaScript yametokana na Kiingereza. Lakini yafaa yahesabiwe. Maneno yaliyotengwa ambayo mtungaji hawezi kuyatumia kwa kazi nyingine hayafiki hamsini, na mchezo mwepesi hautumii hata ishirini. Hayo ni machache kuliko majina ya vipuri anayoyajua kijana aliyejifunza ufundi wa magari kwa miezi michache. Fundi huyo hutaja klachi, giaboksi na kabureta bila kujiuliza maneno hayo yalitoka wapi, kwa kuwa anajua kila kimoja kinafanya kazi gani.

Zaidi ya hayo, majina yote mengine katika programu hubuniwa na mtungaji mwenyewe. Hakuna kanuni inayomkataza kuita kete "kete", au kuita amri ya kugawa kete "gawa". Akiandika gawa(shimo) ameandika sentensi yenye umbo lile lile la Shika Adabu: kitenzi katika hali ya kuamuru na yambwa yake. Kiswahili hapa kina manufaa yake. Kwa desturi watungaji wa programu hutumia jina la umoja kwa kitu kimoja na jina la wingi kwa orodha ya vitu. Katika Kiingereza tofauti hiyo huonekana kwa herufi moja mwishoni mwa neno, nayo huponyoka macho kwa urahisi. Katika Kiswahili shimo na mashimo, kikapu na vikapu, hutofautiana tangu mwanzo wa neno. Kosa la kutumia orodha mahali pa kitu kimoja, ambalo huwasumbua wanagenzi wote duniani, huonekana mapema zaidi kwa anayeandika majina yake kwa Kiswahili.

Basi kama maneno ni machache, na majina ni huru, mwanagenzi hukwama wapi?

4. MAANA TATU ZA -KI-

Chukuliwe mfano wa mdako. Katika mchezo huu wa watoto jiwe moja hurushwa juu, na kabla halijarudi mkononi mchezaji huyashughulikia mawe mengine yaliyomo katika kishimo. Mwanagenzi anataka kuutia mchezo huu katika kivinjari. Jambo la kwanza ni kulifanya jiwe lipande na kushuka.

Kioo cha kompyuta, kama filamu ya sinema, huonyesha picha moja moja. Kwa kawaida picha 60 kwa sekunde. Katika kila picha programu huulizwa: jiwe liko wapi sasa? Mahali pa kitu huhesabiwa kuanzia pembe ya juu kushoto, na hesabu ya wima huongezeka kwenda chini, kinyume cha grafu za shuleni. Kwa hiyo jiwe linalopanda lina mwendo wa hasi. Mwanagenzi huweza kuanza na mwendo wa -12, kisha akaongeza nusu katika kila picha. Baada ya picha 24 mwendo huwa sifuri, jiwe limefika kileleni, na baada ya hapo huanza kushuka kwa kasi inayoongezeka. Hesabu hii humfurahisha kijana, kwa sababu ni fizikia ya darasani inayoonekana kwa macho.

Sasa huja kanuni za mchezo, nazo mwanagenzi huzifikiria kwa Kiswahili hivi:

(a) Jiwe likiwa juu ya mkono, lishuke.
(b) Jiwe likifika mkononi, lisimame.
(c) Mkono ukiguswa, jiwe lirushwe.

Sentensi zote tatu ni za Kiswahili fasaha. Zote zina kiambishi -ki-. Lakini mashine haiwezi kuzipokea kwa namna moja. Sarufi zetu zimekwisha kueleza kwamba -ki- huweza kuonyesha sharti, na pia huweza kuonyesha tendo linaloendelea wakati mmoja na tendo jingine, au tendo linalojirudia kila tukio fulani linapotokea. Kwa msikilizaji wa kibinadamu muktadha hutosha kupambanua. Mashine haina muktadha isipokuwa ule ulioandikwa.

Katika (a) mwanagenzi huhisi kwamba kushuka ni jambo la kuendelea, kwa hiyo huchagua neno "while", ambalo huamuru kurudia maadamu hali fulani ingalipo. Matokeo humshangaza: jiwe halionekani likishuka, hutoweka hewani na kuonekana mkononi papo hapo. Sababu ni kwamba marudio yote ya kushuka yamefanyika ndani ya picha moja, kabla kioo hakijapata nafasi ya kuonyesha lolote. Alipaswa kutumia "if", sharti linaloangaliwa mara moja katika kila picha, kwa kuwa kazi ya kurudia hufanywa na mzunguko wa picha wenyewe. Kama, zaidi ya hayo, amesahau kuandika amri ya kupunguza umbali ndani ya marudio yake, sharti halitabadilika kamwe, na ukurasa mzima utakwama.

Katika (c) kosa ni la kinyume. Mwanagenzi aliyekwisha kuonywa juu ya "while" hutumia "if" kila mahali. Kidole kinachogusa kioo kwa sehemu ya kumi ya sekunde hukaa hapo kwa muda wa picha sita. Kwa hiyo jiwe hurushwa mara sita badala ya mara moja. Alilohitaji si sharti wala marudio, bali ni kusikiliza tukio: kila mguso unapoanza, rusha mara moja.

Makosa haya mawili hayatokani na kutojua Kiingereza. Kijana aweza kujua vizuri sana maana ya "if" na "while" katika barua na magazeti, na bado akakosea, kwa sababu sentensi aliyoifikiria ilibeba maana tatu katika umbo moja. Mwalimu akimwambia tu "hapa andika if", kijana ataandika, mchezo utafanya kazi, naye hatakuwa amejifunza kitu. Kesho atakosea tena.

Dawa imo katika lugha yenyewe. Kiswahili kina namna tatu za kuzitenganisha maana hizi pindi msemaji anapotaka kuzitenganisha:

(d) Iwapo jiwe liko juu ya mkono, lishuke kidogo. (Angalia mara moja.)
(e) Kila mkono unapoguswa, jiwe lirushwe. (Ngojea tukio.)
(f) Maadamu jiwe liko juu ya mkono, lishushe. (Rudia pasipo kuacha.)

Neno maadamu linafaa hasa, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ni maneno mawili yenye maana ya "muda wote ambao jambo linadumu". Katika matumizi ya siku hizi limeelekea kuwa na maana ya "kwa kuwa", lakini maana ya kudumu haijapotea. Mwanagenzi akizoezwa kuigeuza kila sentensi yake yenye -ki- kuwa mojawapo ya namna hizi tatu kabla hajagusa kibodi, sehemu kubwa ya mkanganyiko huondoka. Zoezi hilo halihitaji kompyuta. Lahitaji ubao na chaki, na mwalimu anayejua sarufi.

5. BAO KAMA SHULE YA KANUNI

Yamkini atatokea mtu wa kuuliza kama Kiswahili kimewahi kubeba kanuni ndefu, zenye masharti ndani ya masharti, bila kutatizika. Jibu liko barazani. Bao la Kiswahili huchezwa pwani yote, na mashindano yake ni sehemu ya Tamasha la Utamaduni la Lamu. Lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete sita katika nyumba, kete mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata, na kete 22 akibani. Sehemu ya kwanza ya mchezo, namua, huendelea mpaka kete za akiba zimekwisha; ndipo huingia mtaji. Kuna kula na kuna takata. Kuna kichwa na kimbi. Na mgao ukiishia katika shimo tupu, mchezaji hulala.

Kanuni hizi zikisemwa kwa utaratibu, ni programu tayari. Maadamu kete ya mwisho imeangukia shimo lenye kete, mgao unaendelea. Iwapo shimo hilo ni la safu ya mbele, na shimo la mpinzani lililoelekeana nalo lina kete, na mchezaji hakuanza zamu kwa takata, basi anakula. Kila zamu inapokwisha, mpinzani anashika. Mzee wa baraza hatasema kwamba anaeleza marudio, masharti na matukio, lakini hayo ndiyo anayoyaeleza, tena bila kuchanganya.

Bao hufundisha pia hesabu ya duara. Mashimo 16 ya mchezaji mmoja hufuatana kwa mzunguko. Watungaji wa programu huhesabu kuanzia sifuri, si moja. Kwa hiyo mashimo hayo ni 0 hadi 15, na baada ya 15 hurudiwa 0. Kete tano zikitolewa katika shimo la 13 huangukia 14, 15, 0, 1 na 2. Mashine hupata jibu hilo kwa kujumlisha 13 na 5, kugawanya kwa 16, na kuchukua baki, yaani 2. Wanagenzi wengi huliona jambo hili kuwa gumu. Lakini msemaji wa Kiswahili amelifanya tangu utoto: saa kumi jioni, ukiongeza saa tano, ni saa tatu usiku, wala hakuna anayesema saa kumi na tano. Tena yeye huzoea tangu mapema kwamba hesabu ya saa huweza kuanzia mahali pawili, kwa kuwa husoma saba juu ya saa yake na kusema saa moja. Aliyezoea hivyo hana haja ya kushtushwa na hesabu inayoanzia sifuri.

Wataalamu wa nchi nyingine wameutambua uzito wa mchezo huu. Alex de Voogt aliandika tasnifu yake, iliyotolewa Leiden mwaka 1995, juu ya umahiri wa mabingwa wa bao wa Zanzibar. Mwaka 2006 yeye pamoja na Tom Kronenburg na Jeroen Donkers walichapisha uchunguzi kuhusu migao ya bao isiyokwisha, yaani mipangilio ambayo kete zikianza kugawiwa hazilali kamwe. Mwanagenzi aliyekwamisha kivinjari kwa "maadamu" isiyo na mwisho ataona kwamba kosa lake lina ndugu katika mchezo wa babu zake. Katika jamii hiyo hiyo ya michezo, John Romein na Henri Bal wa Amsterdam walionyesha mwaka 2002, kwa kuzichambua nafasi zipatazo bilioni 889, kwamba mchezo wa awari ukichezwa bila kosa huishia sare.

Haifai, hata hivyo, bao kuwa mchezo wa kwanza wa mwanagenzi. Masharti ya nyumba na kimbi peke yake huweza kumkatisha tamaa. Utaratibu unaofaa ni kuanza na mchezo wa kukisia nambari, ambao ni masharti matupu. Kisha mdako au embe zinazodondoka kikapuni, ambazo huleta picha na matukio. Halafu bao la safu mbili lenye kete chache, ambalo huleta orodha na marudio. Bao kamili lije mwisho.

6. UJUMBE WA MCHEZO NA UPATANISHO WA KISARUFI

Kuna mahali pengine ambapo mwanagenzi hukutana na lugha yake kana kwamba anaiona mara ya kwanza. Nako ni pale mchezo unapomwambia mchezaji jambo. Anaandika kipande cha programu kinachochukua jina la chombo na kukiunga na maneno "kimejaa". Kwa kikapu, ujumbe ni sahihi: "Kikapu kimejaa." Anakitumia kipande hicho kwa shimo, na kioo kinaonyesha "Shimo kimejaa." Anakitumia kwa nyumba, na kinaonyesha "Nyumba kimejaa." Hakuna mtoto wa Likoni atakayesema hivyo, na mtungaji mwenyewe hucheka. Lakini ili asahihishe, hana budi kuiambia mashine jambo ambalo yeye hulijua pasipo kujua kwamba analijua: kila nomino ina ngeli, na ngeli ndiyo inayotawala kiambishi cha kitenzi.

Katika idadi mambo huzidi. Kwa Kiingereza mtungaji huhangaika na herufi moja ya wingi tu. Katika Kiswahili neno kete halibadiliki, kwa hiyo kazi ni nyepesi. Lakini mashimo ni mawili, vikapu ni viwili na kete ni mbili. Ilhali sita ni sita kwa vyote. Nambari zikiandikwa kwa tarakimu, tofauti hufichika. Mchezo ukitamka kwa sauti, hufichuka. Mwanagenzi hulazimika kuandika jedwali: moja hadi tano na nane hupatana, sita, saba, tisa na kumi hazipatani, ki- hudai vi-, li- hudai ya-, na kadhalika. Jedwali hilo ni lile lile ambalo mwalimu wa Kiswahili alilichora ubaoni na ambalo kijana alilikariri kwa ajili ya mtihani. Sasa limegeuka kuwa chombo cha kazi, nacho kikikosewa, mchezo huongea kama mgeni.

Jambo hili lina fundisho kwa wanaotafsiri programu zilizotungwa ng'ambo. Programu hizo aghalabu huacha nafasi moja tupu ndani ya sentensi, ijazwe jina lolote. Nafasi moja hutosheleza lugha ambayo kitenzi chake hakibadiliki kwa ngeli. Kwa Kiswahili nafasi ni mbili au tatu, na zinategemeana. Mtafsiri hawezi kuponya kasoro hiyo hata awe fasaha namna gani, kwa kuwa kasoro iko katika muundo. Anayeweza kuiponya ni mtungaji anayeanza kutunga kwa Kiswahili.

7. ISTILAHI NA WAJIBU WA IDARA

Jitihada za kukifikisha Kiswahili katika kompyuta si mpya. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Scratch, lugha ya kufundishia watoto utungaji wa michezo iliyotolewa na MIT mwaka 2007, hupatikana pia kwa Kiswahili, na tangu toleo la mwaka 2019 huendeshwa ndani ya kivinjari bila kuhitaji Flash. Kazi hizi zastahili shukrani. Hata hivyo zote zilianza na orodha ya maneno ya Kiingereza yanayongoja visawe.

Historia ya istilahi yenyewe yatoa funzo. Kwa kompyuta yalipendekezwa maneno tarakilishi na ngamizi. Yote yana wafuasi, lakini neno linalosikika mitaani ni kompyuta. Kwa upande mwingine mtandao, tovuti na kivinjari yameingia katika vinywa vya watu. Haielekei kwamba tofauti hii ni ya asili ya neno tu, kwa maana kompyuta ni la mkopo na mtandao ni la jadi. Yaelekea zaidi kwamba neno hudumu likimsaidia msemaji kueleza jambo kwa mwenzake wakati kazi inaendelea. Anayesema mtandao huona nyuzi zilizoungana. Anayesema kivinjari huona chombo kizungukacho.

Kwa hiyo yapendekezwa utaratibu ugeuzwe. Badala ya kuanza na orodha na kuishia na mtumiaji, kazi ianze na ufafanuzi na kuishia na orodha. Wanafunzi wa idara watumwe wakae na wanagenzi wanapokosea, wanakili namna wanavyoelezana kosa. Wakae pia na wachezaji wa bao, wanakili namna wanavyoamua mgogoro wa kanuni. Maneno yatakayojirudia katika sehemu zote mbili ndiyo yaliyo tayari kuwa istilahi. Huenda ikaonekana kwamba kulala ni neno bora kwa mwisho wa marudio, au kwamba shimo, lenye jina lisilobadilika na yaliyomo yanayobadilika, humweleza mwanafunzi dhana ya kigeu kuliko neno kigeu lenyewe. Huenda pia isiwe hivyo. Lakini jambo hilo litaamuliwa na matumizi, si na kikao.

Yafaa kutaja pingamizi moja. Watakuwako watakaosema kwamba kumfundisha kijana kwa Kiswahili ni kumfungia mlango, kwa kuwa ajira ya ufundi huu ni ya Kiingereza. Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama pangependekezwa kutafsiri JavaScript yenyewe. Hilo halipendekezwi. Maneno yale machache yabaki kama yalivyo, kama klachi na giaboksi. Linalopendekezwa ni kwamba mazungumzo yanayoyazunguka, yaani kueleza, kuuliza, kusahihisha na kubishana, yafanywe kwa lugha ambayo kijana anaweza kubishana nayo. Mtu asiyeweza kubishana juu ya kosa lake hulinakili sahihisho tu.

8. HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba mwanagenzi wa michezo ya kivinjari hakwami kwa wingi wa maneno ya kigeni, bali kwa sentensi zake mwenyewe ambazo maana yake hajazipambanua. Kwamba Kiswahili kina zana za kuzipambanua, iwapo, kila -po na maadamu. Kwamba bao na mdako zimehifadhi mtindo wa kueleza kanuni ambao darasa la kompyuta lauhitaji. Na kwamba upatanisho wa ngeli, ambao wengi huuona kuwa mzigo wa mitihani, ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Hatari iliyopo ni mbili, nazo ni dada. Wazee wanaojua kutofautisha namua na mtaji hawatakaa barazani milele, na msamiati wao ukiondoka nao hautapatikana katika kamusi. Vijana nao, wakijifunza kunakili bila kueleza, watakuwa wachezaji wa michezo ya watu wengine, wakibonyeza kioo bila kujua kilicho nyuma yake. Pande hizi mbili huishi mtaa mmoja. Baina yao pana kazi ya mtu anayejua sarufi, ambaye hana haja ya kuwa bingwa wa bao wala wa kompyuta, bali awe tayari kuketi, kusikiliza na kuandika. Kazi hiyo ni ya idara za lugha, nayo yaweza kuanzia Shika Adabu au mtaa mwingine wowote ambao jina lake halijawafundisha watu wake amri ya kwanza.